Kabla ya Kununua Kibodi Nyingine

Kompyuta inayoendesha Linux, mfumo endeshi kama ilivyo Windows, ina kibodi nyingi kuliko unayoiona mezani. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `cat /proc/bus/input/devices`, kisha usome polepole. Kitufe cha kuwashia mashine kimo, na kerneli, kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa, inakihesabu kuwa kibodi. Vitufe vya kuongeza na kupunguza mwanga wa skrini navyo vina kibodi yao. Kamera ya laptopu inaweza kuwemo, kwa sababu kuna kamera zenye kitufe cha kupigia picha. Mausi yenye vitufe vya pembeni mara nyingi inajiandikisha mara mbili: kwanza kama mausi, halafu kama kibodi. Kila kifaa kina mstari unaoanza na herufi H, na ukikuta neno `kbd` kwenye mstari huo, ujue kerneli iko tayari kupokea herufi kutoka hapo, hata kama hujawahi kukiandikia chochote.

Natengeneza kompyuta Tanga, nyingi za shule na maduka. Nyingi kati ya hizo nimezihamishia Linux, kwa kuwa ni za mtumba na Windows 11 inadai chipu ya usalama, TPM 2.0, ambayo hazina. Katika malalamiko yote ninayoletewa, ya mausi na kibodi yana tabia yake ya pekee: mteja anakuja tayari ameshamkamata mtuhumiwa. "Fundi, kibodi imekufa." "Fundi, hii mausi ina pepo." Na kwa kawaida ameshanunua nyingine, ameichomeka, na mambo ni yale yale. Kwa hiyo mimi huanza na swali moja tu: kati ya vifaa vyote vilivyomo kwenye ile orodha, nani anaandika?

Ili kulijibu, lazima ujue herufi moja inapita wapi. Kidole kinabonyeza, kifaa kinatuma namba, kerneli inaipokea na kuitoa kwenye faili lililo ndani ya `/dev/input`: `event0`, `event1`, `event2`, na kuendelea. Kila kifaa na faili lake. Juu ya hapo kuna libinput, maktaba ya programu inayosoma mafaili hayo na kuamua mambo kama vile: huu ni mguso wa kidole, au ni kiganja kimeegemea tu? Juu yake tena kuna seva ya X, au Wayland kwenye mifumo mipya, yaani sehemu inayoonyesha madirisha kwenye skrini, na hapo kibodi zote zinakusanywa kuwa kibodi moja, mausi zote zinakuwa mshale mmoja. Mgogoro unafichika kwenye ngazi hiyo. Programu unayoandikia haina habari kwamba herufi p imetoka kwenye kibodi, kwenye mausi au kwenye skana ya dukani. Imeambiwa p imebonyezwa, basi, inaandika p.

(Kwenye X unaweza kuuvunja mkusanyiko huo. Tangu seva ya X toleo la 1.7, mwaka 2009, kazi ya Peter Hutterer imewezesha mishale miwili kwenye skrini moja. Amri ni `xinput create-master`. Niliwahi kuwawekea watoto nyumbani, kila mmoja na mausi yake. Walicheza mpaka mama yao akaja kudai kompyuta yake. Programu nyingi haziuelewi mshale wa pili, ila watoto hilo haliwasumbui.)

Kwa hiyo mimi naanzia chini. `evtest` inakuorodheshea vifaa, unachagua namba, unaona kila tukio linavyotoka. `libinput debug-events` inasikiliza vyote kwa pamoja, na kila mstari unasema umetoka `event` namba ngapi. Usishangae ukiona imeficha herufi: imefanya hivyo makusudi ili watu wasije wakatuma nywila zao kwa wengine wanapoomba msaada. Ukitaka kuziona, ongeza `--show-keycodes`. Amri zote mbili zinahitaji ruhusa ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, na ni haki, maana anayeweza kuyasoma mafaili hayo anaweza kusoma kila unachoandika.

Halafu unatoa mikono mezani na kuangalia. Tukio likitoka bila mtu kugusa, mtuhumiwa ana jina na namba. Kukiwa kimya kule chini na skrini bado inafanya vituko, basi acha vifaa, panda juu: mpangilio wa herufi, mipangilio ya kuwasaidia wenye ulemavu, programu fulani inayojifanya kibodi.

Karibu na stendi kuna stationery inayowajazia watu fomu mtandaoni. Binti wa pale aliniita kwa sababu kurasa zilikuwa zinarudi nyuma zenyewe. Mteja yuko katikati ya maombi ya mkopo wa chuo, ghafla ukurasa unarudi ulikotoka na kila kilichojazwa kimepotea, huku foleni nyuma yake inanung'unika. Kibodi ilikuwa imeshabadilishwa. Nilipowasha `libinput debug-events --show-keycodes` na kumwomba asiguse kibodi, vikaja vitufe viwili: Alt, kisha mshale wa kushoto. Kwenye kivinjari hizo mbili pamoja maana yake ni "rudi nyuma". Namba ya `event` haikuwa ya kibodi. Ilikuwa ya mausi isiyo na waya, ule upande wake wa pili unaojiita kibodi, na kitufe chake cha pembeni kilikuwa kimelegea kiasi kwamba ukiisogeza mausi kwa nguvu kinajibonyeza. `xinput list` ikanipa namba ya ule upande wa kibodi peke yake, nikauzima kwa `xinput disable`, na mausi ikaendelea kusogeza mshale kama kawaida. Ukiwasha upya mashine, amri hiyo imesahaulika, lakini kwa siku ile foleni iliisha.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote katika mambo haya ni skana ya barkodi, kwa sababu wengi wanaoitumia hawajui kwamba ni kibodi kamili. Ukiielekeza kwenye bidhaa, inaandika tarakimu kumi na tatu kwa kasi kuliko karani yeyote, kisha inabonyeza Enter. Inaandika popote mshale wa kuandikia ulipo. Nimeona duka ambalo kila mara msichana wa kaunta alipokuwa anajibu ujumbe wa WhatsApp kwenye kompyuta ile ile ya mauzo, mwenzake akiskani sabuni, namba ya sabuni inaingia kwenye maongezi na Enter inaituma. Mpokeaji alikuwa mchumba wake, akadhani ni namba ya simu ya mtu mwingine.

Lakini kisa cha skana kilichonifunza zaidi kilitoka Bujumbura. Shemeji yangu ana duka la vipodozi kule, na mauzo yake yanaendeshwa na kompyuta ya Linux yenye mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, kama ilivyo kawaida Burundi na Kongo. Akanipigia.

"Shemeji, hii skana inatukana."

"Inatukanaje?"

"Nakutumia picha."

Picha ikaja. Kwenye kisanduku cha namba ya bidhaa kulikuwa na mstari wa alama na herufi zenye vikofia, na bidhaa zilizotoka Tanzania zote zilianza vilevile: `-éà`. Hapo ndipo nilipocheka. Barkodi za bidhaa zilizosajiliwa Tanzania zinaanza na 620. Kwenye kibodi ya Kifaransa, safu ya juu haitoi tarakimu mpaka ushike Shift. Ukibonyeza bila Shift, mahali pa 6 unapata kistari, mahali pa 2 unapata é, na mahali pa 0 unapata à. Skana ilitoka kiwandani ikidhani dunia nzima inatumia kibodi ya Kimarekani. Haitumi "6", inatuma namba ya kitufe kilichoko mahali fulani, na mfumo wa shemeji ukawa unakitafsiri kitufe hicho Kifaransa. Wote wawili walikuwa wanafanya kazi yao sawasawa.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza haihusu Linux kabisa: kwenye kijitabu cha skana nyingi kuna kurasa za barkodi za kuibadilishia nchi ya kibodi, unaskani ile ya Ufaransa na mambo yamekwisha. Kijitabu, bila shaka, kilitupwa pamoja na boksi. Tukaenda na njia ya pili, ya kuipa skana mpangilio wake peke yake. Kwa majaribio ya haraka kuna `setxkbmap -device`, ukifuatisha namba ya skana kutoka `xinput list`, halafu `us`. Ikikubali, unaiandika iwe ya kudumu ndani ya `/etc/X11/xorg.conf.d`, kwenye faili jipya:

```
Section "InputClass"
    Identifier "skana ya dukani"
    MatchIsKeyboard "on"
    MatchProduct "jina la skana"
    Option "XkbLayout" "us"
EndSection
```

Jina la skana unalichukua kama lilivyo kwenye `xinput list`. Kibodi ya kawaida inabaki AZERTY, skana inaongea Kimarekani, na kila mmoja anaeleweka. Kilichotuchelewesha ni Xfce, programu ya dawati, yaani madirisha na menyu za kompyuta ile: dawati lenyewe lilikuwa linalazimisha mpangilio mmoja kwa kibodi zote kila shemeji anapoingia, mpaka tukaliambia lifuate mipangilio ya mfumo. Hii ndiyo sababu siamini jibu lolote ambalo halijapita kwenye kuzima na kuwasha. Anayetumia Sway, dawati jingine la Wayland, naye anaweza kuipa kila kibodi mpangilio wake.

Mpaka hapa tumeongelea wanaoandika wengi kwenye karatasi moja. Kuna mgogoro wa kinyume chake: kifaa ni kimoja, wanaokisikiliza ni wawili. Mzee aliyenifundisha kazi hii alianza enzi za mausi za kuchomeka kwenye tundu la serial, `/dev/ttyS0`. Wakati huo kwenye skrini nyeusi isiyo na madirisha kulikuwa na programu ya gpm iliyokuwezesha kunakili maandishi kwa mausi. Ukianzisha X bila kuizima gpm, zote mbili zinasoma faili lile lile. Mausi inatuma mwendo wake kwa mafungu ya baiti, mara nyingi tatu tatu; baiti aliyoisoma mmoja, mwenzake haipati. Baiti zikipotea, mafungu yanasomwa vibaya: mwendo unageuka kubofya, kubofya kunageuka kuruka pembeni. Mshale unakimbilia kwenye kona ya skrini na kufungua menyu njiani. Dawa ya enzi hizo ilikuwa kuifanya gpm iwe msikilizaji pekee na kuipa X nakala kupitia `/dev/gpmdata`.

Linux 2.6, iliyotoka Desemba 2003, ililimaliza tatizo hilo kwa watu wengi, kwa sababu kwenye mafaili ya `event` kila msomaji anapata nakala yake. Ila maneno "lost synchronization" bado nayakuta kwenye kumbukumbu za kerneli za laptopu kuukuu, ukitafuta `psmouse` kwenye `dmesg`. Ni ugonjwa ule ule, baiti imepotea njiani, ingawa siku hizi mwizi ni waya au chipu na si programu nyingine.

Mzee mwenyewe anatumia FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, mpaka leo na hataki kusikia kitu kingine. Kule, kwa utaratibu wa miaka mingi, msikilizaji wa kwanza ni `moused`: anaifungua mausi, iwe `/dev/psm0` ya PS/2 au `/dev/ums0` ya USB, na kuwagawia wengine kupitia `/dev/sysmouse`. Ukiiambia X iifungue `psm0` moja kwa moja wakati `moused` ameshaishika, inajibiwa kwamba kifaa kina shughuli, na wewe unabaki na mshale uliosimama katikati ya skrini. Kwenye matoleo mapya yenye evdev, ule mtindo wa mafaili ya `event`, kuna kigezo kiitwacho `kern.evdev.rcpt_mask`, ambacho ni jumla ya namba nne: 1 kwa sysmouse, 2 kwa kibodi iliyokusanywa, 4 kwa mausi yenyewe, 8 kwa kibodi yenyewe. Unachagua mahali pa kuchukulia matukio. Ukiweka 6 unachukua kibodi iliyokusanywa na mausi yenyewe, na kila kitu kinasikika mara moja. Ukijumlisha vyote unakaribisha kitu kile kile kisikike kwa milango miwili. Napenda ukweli wa FreeBSD kwenye jambo hili: Linux inakufichia swali, FreeBSD inakuuliza waziwazi.

Na kuna msikilizaji anayefunga mlango nyuma yake. Kerneli ya Linux inaruhusu programu kukikamata kifaa, wito wenyewe unaitwa `EVIOCGRAB`, na kuanzia hapo hakuna mwingine anayesikia kitu. Programu za kubadilisha vitufe kama `keyd` zinafanya kazi hivyo: zinaikamata kibodi halisi, zinatengeneza ya bandia, na matukio yaliyobadilishwa yanatoka kwenye ile ya bandia. Ni utaratibu mzuri mpaka mtu aweke programu mbili za aina hiyo. Dalili yake ni `evtest` kuonyesha kimya kwenye kibodi ambayo unaona kabisa inaandika. Toleo jipya la `evtest` linakwambia lenyewe kwamba kifaa kimekamatwa na mwingine. Usianze kufungua skrubu. Angalia kwanza `systemctl`, amri inayoorodhesha huduma zinazoendeshwa, ina nini.

Hali nyingine haina uhusiano na programu hata kidogo, na hizi ndizo zinazokula muda wa watu. Vijana wa studio wanaohariri video za harusi walikuwa na mausi na kibodi zisizo na waya, risiva ndogo nyuma ya mashine. Kila wakinakili video kutoka kwenye diski ya nje, mausi inakatakata na kibodi inameza herufi. Walishajiridhisha kwamba Linux haiwezi kazi mbili kwa wakati mmoja. Diski ilikuwa ya USB 3.0, imechomekwa kwenye tundu lililo jirani na risiva. Intel ilichapisha waraka mwaka 2012 ukieleza kwamba mawasiliano ya USB 3.0 yanatoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, yale yale yanayotumiwa na mausi na kibodi za namna hii. Risiva ikahamishiwa mbele kwa waya wa kurefushia. Sikugusa kibodi.

Laptopu yenye padi ya kugusa nayo ina lake. Mshale ukitetemeka au kuruka wakati wa kuchaji tu, chomoa chaja uone. Chaja isiyo na waya wa ardhini, au ile nzuri iliyopitishwa kwenye adapta ya pini mbili iliyokata njia ya ardhini, inaacha umeme kidogo ukizurura kwenye bodi ya laptopu, na padi inayopima chaji ya kidole chako haitofautishi. Soketi zetu zina tundu la tatu kwa sababu. Na kabla hujaondoka, mtu akilalamika kwamba tarakimu za pembeni zinasogeza mshale badala ya kuandika, nenda kwenye mipangilio ya usaidizi uzime kipengele cha kuendesha mausi kwa kibodi. Mhasibu mmoja aliniita kwa hilo. Nilimaliza kabla chai haijapoa, na bado akanilipa nauli.

Kazi iliyonichosha ilikuwa ya shule. Maabara yao ina laptopu za mtumba, na hewa ya pwani ina chumvi: baada ya muda nyuzi za ndani ya kibodi zinaota kutu. Laptopu moja ilikuwa na kitufe kilichoganda kinachotuma herufi bila kukoma. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amefanya wanachofanya watu wote huku: amenunua kibodi ya USB na kuilaza juu ya ile iliyoharibika. Sasa akawa na matatizo matatu badala ya moja. Kitufe kibovu kiliendelea kuandika. Kibodi ya juu ilikuwa inakandamiza vitufe vya chini. Na viganja vya wanafunzi vilikuwa vinaigusa padi, mshale unahama katikati ya sentensi.

"Fundi, hawa watoto watadhani kompyuta ndivyo zilivyo," alisema.

"Mwalimu, nipe mpaka kesho."

La padi ndilo lililohitaji maelezo. Libinput inajua kuizima padi wakati unaandika, lakini inafanya hivyo kwa kuioanisha padi na kibodi ya ndani. Kibodi ya USB inahesabiwa kuwa ya nje, na libinput haina jinsi ya kujua kwamba umeilaza juu ya laptopu. Kwa kawaida kibodi ya nje iko mbali na viganja haviko kwenye padi. Unaweza kuidanganya: ndani ya `/etc/libinput/local-overrides.quirks` unaandika kundi linaloitambua kibodi ile ya USB kwa namba zake, kisha `AttrKeyboardIntegration=internal`. Hapo inahesabiwa kuwa ya ndani, na padi inanyamaza mtu anapoandika. Nilifanya hivyo kwanza. Baadaye, kwa kuwa kila meza ina mausi, nikachagua njia rahisi zaidi: kuiambia libinput izime padi kila mausi ya nje inapochomekwa. Mipangilio ya mausi kwenye baadhi ya madawati ina kisanduku cha kuweka alama.

Kibodi mbovu ilikuwa na ngazi zake. `xinput disable` inafanya kazi mpaka mashine izimwe. Sheria ya udev, sehemu ya Linux inayotambua vifaa vinapoonekana, inayoweka `LIBINPUT_IGNORE_DEVICE` kuwa 1 kwa kifaa chenye jina "AT Translated Set 2 keyboard" inadumu, na kwenye X na Wayland herufi zilikoma. Lakini nilipobonyeza Ctrl+Alt+F3 kwenda kwenye skrini nyeusi, zikaendelea kumiminika, kwa sababu skrini ile haipiti kwenye libinput. Kerneli inaisomea kibodi moja kwa moja. Tangu Linux 5.11 kuna faili liitwalo `inhibited` kwa kila kifaa ndani ya `/sys/class/input`, ukiandika 1 kerneli yenyewe inaziba masikio. Hilo nalo linasahaulika mashine ikizimwa.

Nikafikiria kuufungua mwili na kung'oa riboni ya kibodi. Ndiyo dawa safi kuliko zote, na mara nyingi ndiyo ninayoichagua. Ila kwenye laptopu ile kitufe cha kuwashia kilikuwa sehemu ya kibodi yenyewe. Ungeng'oa riboni, usingeiwasha tena.

Jibu likawa kwenye kile kidhibiti cha zamani. Kibodi na padi za ndani za laptopu ya aina ile zinapita kwenye i8042, kidhibiti kilichoanzia IBM PC/AT ya mwaka 1984 na kupata mlango wa mausi kwenye IBM PS/2 za mwaka 1987: kibodi inatumia mlango mmoja na kuiita kerneli kwa IRQ 1 (IRQ ni namba ya wito wa kifaa), mausi au padi inatumia mlango wa pili kwa IRQ 12. Kwa kuwa milango ni miwili, unaweza kuufunga mmoja. Neno ni `i8042.nokbd`, linaongezwa kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha kerneli, halafu `update-grub`. Kerneli ikiwaka haiuangalii mlango wa kibodi kabisa, padi inabaki, na kitufe cha kuwashia kinaendelea kuwasha. Kabla ya kufanya hivi hakikisha kwenye `/proc/bus/input/devices` kwamba kibodi yako ina `isa0060/serio0` kwenye mstari wa P. Ikiwa inapita kwa USB au kwa i2c (njia nyingine ya ndani ya kuunganisha vifaa), neno hilo halitafanya kitu.

Kikabaki kipindi kabla ya kerneli kuwaka. Menyu ya GRUB inahesabu sekunde na kuacha kuhesabu kitufe chochote kikibonyezwa, kwa hiyo mashine ilikuwa inasimama pale ikisubiri mtu. Nikaweka `GRUB_TIMEOUT=0` na mtindo wa `hidden`, menyu haionyeshwi tena, inapita moja kwa moja. Kama kilichoganda kingekuwa Esc au Shift, hiyo isingesaidia. Kilikuwa herufi, tukashukuru.

Mwalimu ameagiza kibodi ya kubadilishia kutoka Dar. Atakayeifunga huenda asiwe mimi, na atakapoiona haiandiki atadhani ameuziwa mbovu. Kwa hiyo nimebandika karatasi chini ya laptopu, juu ya kifuniko cha betri, na juu yake gundi ya plastiki: "Kibodi ya ndani imezimwa kwenye GRUB. Ukiweka mpya, futa `i8042.nokbd`, rudisha `GRUB_TIMEOUT=5`, endesha `update-grub`, kisha ondoa kibodi ya USB."